Mtunzi Hajulikani

Siku waliyokutana waligombana, na aliyeanza ni mwanamke.

Ilikuwa saa saba mchana, ndani ya jengo la vifaa vya umeme vilivyotumika. Kila kibanda kilikuwa na redio inayoimba wimbo wake, na kila muuzaji alipaza sauti ili aishinde redio ya jirani. Watu walipitana kwa mabega. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, gauni la rangi ya haradali limemkaa kama lilishonwa akiwa ndani yake, nywele amezibana kisogoni kwa kalamu, na mikononi amevaa glavu nyeupe za pamba. Glavu! Kwenye joto lile, ndani ya jengo ambalo hata kuta zilitoka jasho.

"Hii ni mashine, dada yangu," muuzaji alimwambia, akiipapasa redio kaseti kubwa kama anayempapasa ng'ombe wa mnada. "Ukiitia kaseti inaimba mpaka majirani wahame."

"Haina mkanda wa kuzungushia ndani," akasema mwanamume aliyekuwa anapita na bunda la nyaya begani. "Ukiitia kaseti, itaitafuna."

"Waya, mwenzangu, kila mtu na riziki yake," muuzaji akalalamika.

Ndivyo walivyomwita, Waya, na kwa sababu mbili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, na hasira yake ilikuwa ya waya uliochunika: ukigusa tu, umerushwa.

Mwanamke alimgeukia. "Na wewe ni nani? Dalali wa kibanda cha pili? Nawajua nyinyi. Mmoja anaponda, mwingine anauza, jioni mnagawana."

"Mimi dalali?"

"Una sura yake."

"Na wewe una glavu za daktari. Umekuja kununua redio au kuipasua kidole tumbo?"

Vibanda vitatu vilicheka. Mwanamke hakucheka. "Nina kanda zenye sauti za watoto walioimba miaka thelathini iliyopita," alisema. "Zikitafunwa, hakuna duka linalouza nyingine. Sasa cheka."

Waya hakucheka. Alichomoa bisibisi mfukoni mwa shati, akaifungua ile mashine palepale, akamwonyesha ndani. Mahali pa mkanda palikuwa na buibui.

Mwanamke alimtazama buibui, akamtazama muuzaji, kisha Waya. "Unatengeneza?"

"Natengeneza."

"Basi nisamehe kwa neno dalali."

"Na sura?"

"La sura sijalifuta."

Hapo ndipo Waya alipokwisha.

*

Mwanamke alikuwa mtunza nyaraka wa maktaba kuu. Wenzake walimwita Bi Glavu, naye alikuwa ameacha kukasirika. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, kina rafu za chuma mpaka darini. Alikuwa anakusanya kila kilichosalia cha namna watoto walivyofundishwa muziki: madaftari ya walimu, mabango ya do-re-mi yaliyoandikwa kwa mkono, picha za kwaya za darasa la pili, njuga za vifuniko vya soda, kanda mia na zaidi. Vitu ambavyo shule zikifungwa huwa vinatupwa kwanza.

Waya aliitengeneza ile mashine ya buibui, ambayo mwanamke aliinunua, wiki ya kwanza. Wiki ya pili akarudi kuikagua. Wiki ya tatu akapiga simu.

"Mashine inalia?"

"Inalia vizuri."

"Haikwaruzi kidogo?"

"Haikwaruzi."

"Hata ukiongeza sauti?"

"Waya, sema umenikumbuka, ufupishe maneno."

"Nimekukumbuka."

"Haya. Mashine inakwaruza. Njoo."

Alikwenda na shati lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Walisikiliza kanda moja wakiwa wamekaa bega kwa bega: watoto arobaini wakiimba, mmoja akikosea palepale kila mara, na mwalimu akicheka kwa mbali. Bi Glavu alitabasamu. Waya alikunja ngumi.

"Nini tena, kipenzi?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na mwanamume hakusikia.

"Mama yangu alifanya kazi ya huyo mwalimu," alisema. "Miaka ishirini na saba, shule moja. Watoto walimwita Mama Doremi. Alikuwa anatunga nyimbo kama mtu anavyopika chai, kila siku. Mwalimu Mkuu wake akazikusanya, akachapisha kitabu, akaweka picha yake mwenyewe kwenye jalada, na nishani akapewa. Yule mzee hawezi hata kupiga makofi kwa mpigo! Mama aliletewa nakala moja. Unajua aliifanya nini? Aliiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Hakusema neno. Ikakaa hapo mpaka tulipomzika."

"Hakulalamika?"

"Angelalamika, mimi ningekuwa mtu mpole. Alizinyamazia hasira zake zote, nikazirithi mimi." Alimtazama usoni. "Nataka jina lake liandikwe. Mahali popote. Hata kwenye kikaratasi cha ukubwa wa sabuni. Lakini liandikwe, mtunzi ni fulani, watu wasome."

Bi Glavu alivua glavu moja, akamshika mkono. "Niletee alichoacha. Lakini nikwambie ukweli: mimi siandiki kwa kuambiwa. Naandika kwa ushahidi. Hata ukiniambia wewe."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Akambusu shavuni ili neno literemke vizuri.

*

Sanduku la Mama Doremi lilikuwa uvunguni mwa kitanda cha dada mkubwa wa Waya. Waya alilibeba mpaka karakana yake, akalifungua, moyo ukamshuka. Karatasi zilikuwa zimefungwa mafungu mafungu kwa vitambaa vilivyochanwa kutoka kwenye magauni ya zamani, vimefifia, vingine mende wamevionja. Ndani ya fungu moja kulikuwa na karatasi ya mwaka mmoja na ya miaka kumi baadaye, wimbo na orodha ya mahudhurio, kaseti na picha iliyokatwa nusu. Hovyo kabisa.

Nimpelekee mwanamke wa glavu nyeupe uchafu huu? alijiuliza. Atasema mama yangu alikuwa mchafu.

Akafunga karakana siku mbili nzima. Alifungua kila fungu. Alipangusa kila karatasi. Alizipanga kwa tarehe ya muhuri wa shule, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, akazitia kwenye mafaili ya plastiki ya buluu, na kila faili akalibandika namba. Vitambaa alivitia kwenye kopo nyuma ya karakana pamoja na maganda ya nyaya, akawasha kiberiti.

Alipofika maktaba, alikuwa ananukia sabuni na fahari. "Fungua, laazizi."

Bi Glavu alifungua faili la kwanza. La pili. La tatu. Tabasamu lilimganda usoni.

"Zilikuwa zimefungwaje?" aliuliza taratibu.

"Hovyohovyo. Nimezipanga mimi, zote, kwa tarehe. Siku mbili sikula vizuri."

"Zilikuwa na kitu kingine? Bahasha? Maandishi?"

"Matambara tu. Nimeyachoma. Kwa nini, hupendi?"

Alimtazama mwanamume yule mkubwa, na kola yake iliyosimama, na macho yake yanayongoja kusifiwa. "Umefanya kazi kubwa," alisema.

Na hilo ndilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza lilikuwa la moto. La pili lilikuwa la huruma, na huruma ya namna ile huchoma polepole zaidi.

*

Baada ya miezi mitatu maktaba ilifungua maonyesho. Ukumbi ulijaa: walimu, wazazi, waandishi wa habari, meza za vioo, viti vya kukodi. Waya alivaa koti jeusi la kaka mmoja jirani, mikono imepungua kidogo. Dada yake mkubwa alivaa zambarau kuanzia kilemba hadi viatu.

"Leo wifi yangu namkumbatia mpaka mifupa ilie," dada alisema. "Na wewe ukae vizuri. Umefura kama chura kwa furaha."

Waliifikia meza ya mama yao. Karatasi zilikuwa zimelazwa chini ya kioo kama vito. Pembeni palikuwa na kikadi, kweli cha ukubwa wa sabuni. Waya alikisoma mara moja. Akakisoma tena.

*Nyimbo za watoto, kurasa arobaini na tatu. Mtunzi: hajulikani.*

"Hajulikani nani?" alisema.

Watu wawili waligeuka.

"Nimeuliza, hajulikani nani?" Sasa ukumbi mzima uligeuka. Bi Glavu alikuja mbio, gauni la kijani linampeperuka, uso umemwiva.

"Waya, twende nje tuzungumze."

"Hapa hapa! Umekula kwangu, umecheka kwangu, umenisikia nikilia habari za mama yangu, halafu unaandika hajulikani? Mtoto wake nimesimama mbele yako! Mimi pia sijulikani?"

"Punguza sauti."

"Mwalimu Mkuu alimwiba mara moja. Wewe umemwiba mara ya pili, na umevaa glavu usiache alama!"

Neno lile lilimpata. Lilionekana lilipompata. Mkuu wa maktaba, bwana mmoja mwenye tai nyekundu na tumbo la mikutano, akajisukuma katikati. "Kuna nini? Huyu bwana ni nani?"

"Si mtu," Waya alisema. "Hajulikani."

Bi Glavu alimkaribia mpaka Waya akaisikia pumzi yake. Hakuwa analia. Ilikuwa ghadhabu tupu. "Kabla hujaniita mwizi mbele ya watu," alisema kwa sauti ya chini, "kaiulize mikono yako. Kaiulize ilifanya nini zile siku mbili. Sasa toka kwenye ukumbi wangu."

Waya alitoka. Mlango wa kioo alioupiga ulibaki unacheza kwa muda mrefu.

*

"Mikono yangu ilifanya nini?" alikuwa anapayuka kwa dada yake jioni hiyo, akizunguka sebuleni kama panya kwenye ndoo. "Ilipangusa! Ilipanga! Mwanamke hana shukrani hata ya kuku!"

Dada alikuwa anavua viatu vya zambarau. Alisimama na kimoja mkononi. "Ulipanga nini?"

"Karatasi. Kwa tarehe."

"Na vitambaa?"

"Vitambaa gani?"

"Vitambaa vya mama, mdogo wangu. Alivyofungia. Vyenye maandishi."

"Vilikuwa na maandishi?"

Kiatu kilimpata begani. Cha pili kilimkosa, kikavunja glasi.

"Ulivichoma," dada alisema. Hakuuliza. Alimjua tangu anatambaa. "We mtu una akili kweli? Kila fungu lilikuwa mtoto mmoja! Mama alikuwa anamweka mtoto mwenye shida karibu na dirisha baada ya masomo. Mwenye kigugumizi. Anayeogopa kuimba mbele ya wenzake. Anayeshindwa kuhesabu. Anamsikiliza, na kesho yake anakuja na wimbo wa mtoto huyo. Akimfuata miaka kumi, anaongeza humo humo. Na juu ya kitambaa anaandika jina la mtoto, shida yake, na 'nimemtungia mimi', na sahihi. Juu ya kitambaa, kwa sababu Mwalimu Mkuu alimwambia kila karatasi ni ya shule na kila kilichomo ni cha shule. Mama akasema sawa, karatasi ni yenu, gauni ni langu."

Waya alikaa chini, juu ya vipande vya glasi au pembeni yake, hakujali.

"Hata wa kwako ulikuwemo," dada aliendelea, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Ulikuwa unarusha vikombe. Una miaka minne tu, na vikombe vyote vya nyumba hii umevimaliza. Akakutungia wa birika."

"Wa birika?"

Dada aliuimba huku anapangusa pua: "*Birika limechemka, nani amelichokoza? Punguza moto, punguza moto, chai isije ikamwagika.*"

Waya aliufahamu wimbo ule. Aliufahamu mwilini, kama mtu anavyoifahamu ngazi ya nyumba ya utotoni gizani. Miaka yote alidhani ni wimbo wa watoto wote.

Alipiga simu. Ililia mara nane.

"Sema," Bi Glavu alisema.

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile ile, ulipoona?"

"Kwa sababu ulikuwa umesimama pale kama mtoto aliyeleta cheti!"

"Kwa hiyo ukaninyamazia. Miezi mitatu. Ukala chakula changu ukijua."

"Ndiyo! Nimekosa. Unataka nipige magoti kwenye simu? Na kwa kuwa tumeanza kuambiana, sikiliza na hili. Mkuu wangu alitaka niandike jina la Mwalimu Mkuu. Kitabu anacho, mihuri anayo, nishani anayo. Mimi ndiye niliyekataa. Niliandikiwa barua ya onyo kwa sababu ya lile neno 'hajulikani'. Nimesimama peke yangu kwenye kikao nikimtetea mama yako asiibwe mara ya pili, halafu ukaja na koti la kuazima ukaniita mwizi!"

Waya alijua ameshindwa, na mtu wa namna yake akishindwa husema baya. "Sasa badilisha. Dada amenieleza yote. Andika jina."

"Maneno ya dada yako ni maneno ya ndugu. Nitahitaji zaidi. Na nitahitaji maelezo yako, kwa maandishi, ukisaini: nilifungua mafungu, nikachoma vitambaa. Yanakaa kwenye faili la mkusanyiko. Kila atakayekuja kusoma atayaona."

"Milele?"

"Milele."

"Unataka niandikwe mjinga milele, kwenye faili la mama yangu?"

"Nataka iandikwe kweli."

"Basi bora asijulikane," Waya alisema, akakata.

Simu hakuipiga tena. Wala haikupigwa.

*

Wiki mbili alikuwa haingiliki. Wateja walichukua redio zao zikiwa nusu. Mwishowe alitoka, na wala si kwa busara. Alitoka kwa ubishi. Alitaka kumthibitishia mwanamke yule kwamba jina lingeandikwa bila yeye kusaini chochote.

Dada alimkumbuka mtoto mmoja, yule wa kigugumizi. Sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye gereji ya matairi nyuma ya soko; kila mtu alimwita Mama Matairi. Waya alimkuta amepiga goti juu ya ringi, suruali ya kazi, mikono myeusi mpaka viwikoni. Alimpa nakala za kurasa arobaini na tatu, alizopiga kabla ya kuyapeleka mafaili maktaba, bila maelezo.

"U-u-unataka nini?"

"Tazama tu."

Mama Matairi alizipitisha moja moja, akiziachia alama za vidole. Kwenye ya kumi na tisa alisimama. Akaweka pampu chini. Halafu akaimba, wimbo wa gari bovu linalopanda mlima, kila herufi inawaka mara tatu kabla ya kuondoka, na ndani ya wimbo ule hakugugumia hata mara moja. Mafundi wake waliacha nyundo.

"Wa-wa-wangu huu," alisema. "Mama Doremi alinitungia. Nani alikupa?"

"Wanasema Mwalimu Mkuu ndiye aliyetunga."

"Nani?" Mama Matairi alisimama, na alikuwa mrefu. "Yu-yule ambaye aliniambia nikae nyuma nisiharibu kwaya? Yule? Ni-nipe anwani ya hiyo maktaba. Leo. Na ringi hii naibeba."

Ringi waliiacha. Lakini alikuwa anawajua wengine wanne, na wale wanne walijua wengine. Jumatatu saa tatu asubuhi watu wazima kumi na mmoja walishuka ngazi za maktaba nyuma ya Waya: mshonaji, mpishi wa hospitali, makanika, wakili mmoja mwenye mkoba.

Bi Glavu aliinua kichwa mezani. Alimtazama Waya kama anavyotazamwa mtu wa maji aliyekuja kukata bomba.

"Ni akina nani hawa?"

"Ushahidi."

Bi Glavu alisukuma kiti nyuma. Aliinuka, akavaa glavu. Hasira yake haikupungua hata chembe, ila kazi yake aliijua. "Hakuna anayeingia na mwenzake," alitangaza. "Mmoja mmoja. Hakuna kuongea kwenye ngazi. Na wewe," akamnyooshea Waya kidole, "ukae nje kabisa, mtaani. Sitaki mtu aseme uliwakonyeza."

Alizichanganya kurasa zote, akaficha mihuri kwa vipande vya karatasi. Mkuu wa maktaba aliitwa akae shahidi. Alikaa, tai imelegea, amenuna. Kila mmoja aliingia peke yake, akaambiwa achague ulio wake kama upo, auimbe, na aeleze ulikotoka. Mashine ilinasa yote. Iliwachukua mpaka alasiri.

Wawili hawakukumbuka. Tisa walichagua, na hakuna wawili waliogombea ukurasa mmoja. Tisa, kila mmoja peke yake, walieleza kiti kile kile karibu na dirisha, na mwanamke yule yule aliyesema, "Nenda ukalale, kesho nitakuja na dawa yako." Wakili mwenye mkoba aliimba wimbo wa mtoto anayeogopa giza, akashindwa kuumaliza.

Mkuu wa maktaba alifuta miwani mara tatu. "Andika jina la huyo mama," alisema hatimaye, akapanda ngazi bila kumtazama mtu.

*

Waya aliitwa ndani saa kumi. Kwenye meza kulikuwa na fomu.

"Wanafunzi wametosha kuonyesha nani alitunga," Bi Glavu alisema, macho kwenye karatasi. "Hawatoshi kueleza kwa nini sanduku la mtunzi mwenyewe halina jina lake. Bila maelezo hayo, mtu yeyote wa Mwalimu Mkuu atakuja mwakani aseme tumelitunga sisi. Nikikuomba tena utanikatia simu?"

"Hapa hakuna simu."

"Basi kuna mlango."

Waya alivuta kiti. Aliitazama ile fomu kama mtu anavyotazama sindano. Kisha akachukua kalamu na kuandika, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, bila kuinua kichwa. Alipomaliza alimsukumia.

*Mimi ni fundi redio, mtoto wa pili wa mwalimu huyu. Mafungu yote niliyafungua mimi. Vitambaa vyenye maandishi yake nilivichoma nyuma ya karakana kwa sababu niliona ni uchafu. Sikuvisoma. Kimoja kilikuwa changu. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kumfurahisha mtu.*

Bi Glavu alisoma. Akaurudia mstari wa mwisho kwa kidole. "Sentensi ya mwisho si lazima."

"Ni uongo?"

"Hapana."

"Basi ibaki. Si wewe uliyetaka kweli?"

Alichomoa kalamu kichwani, nywele zikamwangukia mabegani, na chini ya maelezo yale akaandika yake: *Mtunza nyaraka hakumwonya mtoaji asiguse mpangilio, jambo analomwambia kila mtoaji siku ya kwanza. Alipogundua, alinyamaza. Kosa ni lake pia.* Akatia saini.

"Hilo neno la siku ya kwanza," Waya alisema, "kwa nini mimi hukuniambia?"

"Nilikuwa nakutazama midomo. Usicheke! Bado nimekukasirikia."

"Mimi pia nimekukasirikia."

"Uliniita mwizi mbele ya watu mia mbili."

"Nilikosa. Naomba radhi, na nikitakiwa nitaomba mbele ya wale wale mia mbili, uwaite tu. Na wewe ulininyamazia miezi mitatu. Ukinipenda, niambie nimeharibu siku ile ile, hata kama nimevaa shati jipya."

"Nitakwambia mpaka ukome."

"Sawa."

"Jaza hapo chini, umeacha nafasi."

Nafasi ilikuwa ya mwisho kwenye fomu: *Uhusiano wa mtoa maelezo na mpokeaji.* Maktaba ilitaka kujua kama kuna undugu, urafiki au upendeleo. Waya alifikiri kidogo, akainamisha kichwa, akaandika maneno mawili. Akaigeuza fomu imtazame mwanamke.

*Mchumba, akikubali.*

Bi Glavu aliisoma, uso ukamwiva mpaka masikioni. "Wewe mtu una wazimu. Hii ni fomu ya serikali. Hapa hakuandikwi kitu cha kukisia."

"Basi nipe ushahidi."

"Unaniposa kwenye fomu? Tena nikiwa na hasira hivi?"

"Nikisubiri hasira zetu ziishe, tutaoana wazee."

Alimwangalia, midomo ameibana. Kisha akavua glavu zote mbili, akaivuta ile fomu, na kwa mkono mtupu akalikata kwa mstari mmoja mnyoofu neno *akikubali*. Pembeni ya mstari, kwa kuwa masahihisho yote sharti yatiwe saini na aliyeyafanya, akatia saini na tarehe.